Shemine za Kamenge

Wanangu mnaoanza kazi katika mashirika, mkiulizwa Mama Saidi alifanya kazi gani maisha yake yote, msijisumbue na lile neno refu la Kifaransa lililokuwa kwenye kadi yangu. Semeni tu kwamba alikuwa akiwafundisha watu kuwa na nyumba. Watacheka, kwa maana nani anahitaji kufundishwa jambo hilo? Waacheni wacheke, kisha wasimulieni habari za Mzee Barnabe.

Mzee Barnabe alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa amepanga vyumba vya watu tangu ujana wake, na kila mwenye nyumba aliyempata alikuwa mkali kuliko yule wa kwanza. Tulipomkabidhi ufunguo wa nyumba yake mwenyewe kule Kamenge, mtaa wa Bujumbura, alishukuru, akaingia, akafunga mlango. Kesho yake asubuhi nikamkuta amesimama mbele ya ofisi yetu, amevaa koti lake la harusi, kofia mkononi.

“Mama, niko naomba ruhusa,” akaniambia. “Nataka kupiga musumari kwenye ukuta, nitundike koti.”

Nikamwambia ukuta ni wake. Akasema hilo analijua, ila msumari wenyewe ni mkubwa. Nikamwambia hata ukiwa mkubwa kama mguu wangu, aupige. Akaondoka bila kuniamini. Siku iliyofuata akarudi kuuliza kama anaruhusiwa kukaanga vitunguu huku dirisha liko wazi. Baadaye akaja kuuliza kama shemeji yake anaweza kulala pale, na hapo nilimwona ana matumaini kwamba nitakataa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kusimamisha kuta ni kazi ya waashi, na sisi tulikuwa na waashi wazuri. Kumfanya mtu alale ndani ya kuta hizo bila kusikiliza nyayo za mwenye nyumba ni kazi nyingine kabisa, na mimi sikuifundishwa shuleni. Nilijifunza kwa kukosea. Mathalani, nilijifunza kwamba ukienda kuzungumza na familia kuhusu nyumba mpya, usimwulize kwanza baba atakaa wapi. Muulize mama sufuria litakaa wapi. Baba atakujibu mambo ya sebule na redio, mtapoteza asubuhi nzima, halafu siku ya kuhamia mama atasimama mlangoni na sufuria lake kichwani na kukuuliza swali ambalo huna jibu lake.

Siku hizo vita vilikuwa havijaisha. Kule Kamenge nyumba nyingi zilikuwa zimebaki kuta tu, nyasi zimeota mahali palipokuwa sebule. Watu walikuwa wanarudi kidogo kidogo, kila mmoja akimtazama jirani yake kwa pembe ya jicho. Shirika letu lilikuwa dogo: ofisi ya vyumba viwili, pikipiki moja iliyokuwa ikiwaka siku inayotaka yenyewe, na mkurugenzi wetu, Mesie Leonidas. Wafadhili fulani wa Ulaya walikubali kutupa ruzuku. Ruzuku ingenunua simenti, mbao na mabati. Familia zenye kipato kidogo zingefyatua matofali, zingebeba maji, na kuchangia kidogo kila mwezi kadiri ya uwezo wao. Mwisho wake, nyumba na parseli yake, yaani kiwanja, vingekuwa mali yao kwa karatasi yenye muhuri. Si kupanga wala kuhifadhiwa. Mali yao.

Ruzuku ilikuwa ya mafungu mawili. Fungu la kwanza lilitosha kujenga nyumba za nusu ya familia. Nusu nyingine waliendelea kuishi chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki ya wakimbizi, wakingoja fungu la pili. Na fungu la pili lingetoka tu baada ya mgeni wa wafadhili kuja kuona kwa macho yake kwamba tumejenga sawasawa na mchoro tuliokubaliana. Lishikeni jambo hilo, kwa sababu ndilo lililotufanya watu wazima na akili zetu tufanye tuliyoyafanya.

Mesie Leonidas alikuwa mtu mwema, mwaminifu, hakuwahi kuchukua hata msumari wa shirika. Ila wafadhili alikuwa anawaogopa. Simu ya Ulaya ikilia, alisimama kwanza, akafunga vifungo vya koti, ndipo akaipokea. Akimaliza kuzungumza, aliendelea kusimama kidogo, asije akaonekana ameketi haraka.

Siku mchoro wa nyumba uliporudi kutoka Ulaya na tukaufungua pale kwenye ujenzi, aliyekuwa wa kwanza kuona kitu ni Fundi Issa. Issa alikuwa mtoto wa mtaa wa Buyenzi kama mimi, mwashi, baba yake mwashi, tumesoma madrasa pamoja. Aliweka kidole kwenye karatasi, akakiacha hapo.

“Dada, hii sanduku ni ya nini?”

Nikaangalia. Kweli, kwenye ukuta wa chumba kikubwa palikuwa na kitu kama sanduku. Nikasema labda ni kabati. Issa akaniuliza kabati gani lina shimo linalopanda mpaka juu ya paa. Tukaenda kumwuliza Mesie Leonidas. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, akasema hiyo ni shemine. Akatueleza kwamba Ulaya, wakati wa baridi, watu huwasha moto ndani ya ukuta wa sebule na kuuzunguka wajipashe joto, na moshi hupandia kwenye ule mnara na kutokea juu.

Issa akauliza kwa adabu ni nani hapa Bujumbura anayesikia baridi.

Wale ambao hawajaishi hapa huenda hawajui: mji wetu uko chini kando ya ziwa, joto lake linakutoa jasho ukiwa umekaa. Mesie Leonidas alilijua hilo, shati lake mwenyewe lilikuwa limegandana na mgongo. Lakini alisema mchoro ule umesomwa Ulaya, umekubaliwa, umepigwa muhuri. Kama wafadhili wanataka shemine, pengine hawawezi kuwazia nyumba ya binadamu isiyokuwa nayo. Hatuwezi kuwanyima watu mabati kwa sababu ya sanduku. Mimi niliona ana hoja, nikakubaliana naye. Issa naye akakubali, ila akasema yeye hajawahi kujenga kitu kama hicho na lazima akione kwanza.

Nikakumbuka kwamba kule Gihosha, mlimani, kuna nyumba ya zamani aliyoijenga Mbelgiji mmoja aliyekuwa anakukumbuka sana kwao. Tukapanda pikipiki, siku hiyo ikakubali kuwaka. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alitupokea vizuri na kutuonyesha shemine yake. Ndani yake alikuwa amepanga viatu. Akavitoa, Issa akapiga magoti, akaingiza kichwa, halafu mabega.

Tukamwuliza anaona nini. Sauti ikatoka ndani ya ukuta ikisema anaona mbingu, na kwamba hawezi kurudi.

Mwalimu alishika mguu mmoja, mimi nikashika mwingine, nikimwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa kumshika mwanamume asiye wangu. Tulivuta. Issa alitoka mweusi kama mkaa, bila kofia yake. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ameelewa mambo yote. Akatuchorea kwenye vumbi: chini pana, katikati shingo nyembamba, na juu ya shingo kuna rafu ndogo ya kuzuia upepo unaoshuka. Alisema rafu ile ndiyo siri ya kazi. Basi aliijenga katika kila nyumba, kwa uaminifu mkubwa, na simenti nzuri. Wakati huo wa ambargo, nchi jirani zimetufungia biashara, mfuko wa simenti ulikuwa unatafutwa Zone Industrielle, kwenye mtaa wa viwanda, ghala kwa ghala, na mimi niliyekuwa nikiutafuta nilikuwa natazama unavyomezwa na ile minara, roho inaniuma.

Familia zilipohamia, ilibidi niwaeleze shemine ni nini. Walinisikiliza kwa heshima, kisha kila mtu akafanya lake. Mmoja aliweka redio. Mwingine akaweka sanamu ya Bikira Maria, ikapendeza kweli. Mzee Barnabe aligundua kwamba upepo unapita pale, akawa analala sakafuni kichwa kikiwa ndani ya shemine, miguu sebuleni. Nilipomkuta hivyo mchana mmoja nilidhani amekufa, nikapiga mayowe. Aliamka na kuniuliza kama imekatazwa.

Aliyeichukia shemine kabisa alikuwa Mama Jenerose. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Matofali yake ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote Kamenge, na mchango wake wa kila mwezi haukuchelewa hata mara moja. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza ukitoka barabarani. Ilikuwa pia ndogo kuliko zote, na shemine ilikuwa imesimama pale pale alipokuwa amepanga kuweka kitanda. Alikuja ofisini kunililia. Alisema amelala chini ya shitingi miaka, amefyatua matofali mpaka mikono ikachubuka, na sasa anapopata nyumba, nusu yake imekaliwa na moto ambao hauwaki. Aliomba tuibomoe. Mesie Leonidas alimbembeleza asubiri tu mgeni apite. Alimwonyesha wenzake waliokuwa bado chini ya plastiki. Mama Jenerose aliwatazama, akafuta machozi, akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata alikuja tena.

Kisha ikaja taabu ya askari. Mnajua wakati wa vita mtu anaangalia kila kitu kilichoinuka. Siku moja kamanda wa doria alisimama barabarani na watu wake, akatazama mapaa yetu mapya, kila moja na mnara wake umeelekea mlimani. Akaita wahusika. Tukaja, mimi na Mesie Leonidas.

“Hii minara ni ya nini?”

Mesie Leonidas akiogopa, Kiswahili chote kinamtoka. Akajibu kwa Kifaransa kwamba ni ya fe. Sasa, fe kwa Kifaransa ni moto, ni kweli. Lakini ndilo neno hilohilo askari wanaloamriwa nalo wapige risasi. Nikaona bunduki zinashikwa vizuri zaidi. Mesie Leonidas naye akaona, akazidi kueleza: ni kwa ajili ya fe nyingi, akasema, familia nzima inakaa kuizunguka.

Aliyetuokoa ni Mama Jenerose, aliyekuwa anasikiliza mlangoni kwake. Alimwambia kamanda aingie mwenyewe, aweke kichwa chake pale, atuambie kama kuna mtu anayeweza kupigana vita kutoka humo. Kamanda akaingia, akavua kofia, akainama, akachungulia juu. Akakaa hivyo kidogo. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika, ni uso wa mtu anayejenga kwake na anaona makosa ya ujenzi wa wengine. Akauliza: mvua ikinyesha, inaingia?

Hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria hilo. Tulijenga kiangazi.

Mvua za kwanza zilipokuja, ziliingia. Zilishuka kwenye minara yote kwa utaratibu, zikajaza madimbwi sebuleni. Mesie Leonidas alikataza mtu yeyote kubadilisha kitu mpaka mgeni apite. Na mgeni, kwa bahati, alikuwa njiani.

Aliitwa Madamu Klara. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, anayesikiliza kuliko anavyosema. Kwa sababu ya usalama alipewa muda mfupi tu wa kukaa Kamenge, na asiingie ndani ya mtaa. Kwa hiyo angeona nyumba ya kwanza kutoka barabarani. Ya Mama Jenerose.

Asubuhi ile Mesie Leonidas alikuja na wazo. Alisema shemine ambayo haijawahi kuwashwa itaonekana tu, wafadhili wataona tumeijenga bila kuithamini. Lazima mgeni aione inawaka. Nikamwambia itakuwa mchana. Akasema moto hauna saa. Mama Jenerose alikuwa amekwenda kuchukua ndagala zake, alirudi mgeni akiwa tayari mlangoni, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza chochote. Hilo nalo mliandike mahali: usiwashe moto katika nyumba ya mtu ambaye hujamwuliza.

Tuliingia. Madamu Klara akaketishwa kwenye benchi, nafasi ya heshima, karibu kabisa na shemine. Mimi pembeni yake, Issa kwenye dirisha na shati safi. Mesie Leonidas akapiga magoti na koti lake, akawasha kuni. Mama Jenerose alifungua mdomo aseme kitu, lakini Mesie alikuwa ameshaanza hotuba, na katika hotuba zake hakukuwa na mlango wa kuingilia.

Moshi ulipanda vizuri. Halafu ukafikiria upya, ukashuka. Ukatoka kwa chini, mzito, ukajaza chumba kuanzia miguuni. Nyinyi mnasema mngetoka. Mngetoka wapi, mgeni ameketi? Madamu Klara aliona sisi tumetulia, akadhani ndivyo inavyokuwa, akatulia. Sisi tuliona yeye ametulia, tukatulia zaidi. Joto lilikuwa la tanuri. Machozi yakaanza kumtiririka mgeni, na Mesie Leonidas alipoyaona aliguswa sana. Alidhani ni kwa ajili ya maisha ya yule mjane. Akaongeza sauti, akaingia kwenye sehemu ya hotuba inayohusu utu wa binadamu.

Hapo ndipo Mama Jenerose aliponivuta kanga na kunong'oneza mambo mawili. La kwanza, kwamba baada ya zile mvua alipanda juu na kuifunika shemine kwa kipande cha shitingi, akakifunga kwa kamba barabara. La pili, kwamba kuku wake analalia mayai mle ndani, kwenye ile rafu ya Issa.

Kuku alishuka mwenyewe. Alitoka katikati ya moshi kama kitu kilichotupwa, mweusi, mabawa wazi, akapita juu ya kichwa cha Mesie Leonidas na kutua kifuani kwa Madamu Klara, akamshika kwa kucha zote. Mgeni akainuka na kuku wake. Issa akaruka kumkamata kuku, akakamata benchi. Nje majirani walikuwa wameona moshi ukitoka madirishani, wakaja mbio na ndoo. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Barnabe. Alisimama kizingitini, ndoo imejaa mkononi, akauliza kama anaruhusiwa kumwaga.

Mama Jenerose alimwambia amwage. Akamwaga yote, kwa nguvu zake zote za fundi baiskeli, na Mesie Leonidas ndiye aliyekuwa katikati.

Tulijikuta sote nje uani, tukikohoa. Majirani walikuwa wamezunguka, wale ambao miezi michache kabla walikuwa hawasalimiani, na walikuwa wamejiuma midomo mpaka mtu mmoja akashindwa, wakaangua kicheko wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia upande wa zile shitingi, ambako familia zilizobaki zilikuwa zimesimama zikitutazama, na hao pia hawakucheka. Nilikuwa nafikiri fungu la pili limeungua mle ndani pamoja na kuni.

Madamu Klara alijifuta macho. Alikuwa bado amemshika kuku, nadhani alisahau. Alimgeukia Mesie Leonidas, aliyekuwa anadondoka maji, akamwuliza kwa upole, na mimi nikawa nawatafsiria wengine.

“Niambie ukweli, Mesie. Kwa nini mnazipenda sana hizi shemine?”

“Sisi?” akasema Mesie Leonidas.

Kisha Madamu Klara akatusimulia, polepole, kana kwamba anaanza kuona anachokisema. Kule kwao, mchoro wetu ulipofika, mtu mmoja katika kamati yao alishangaa kuona shemine mahali pa joto kama hapa. Walijadili kikao kizima. Mwishowe mzee mmoja akasema si kazi yao kuwaambia watu wengine jinsi ya kuishi, bila shaka ni mila ya kwetu, na mila inaheshimiwa. Basi wakapiga muhuri.

Mesie Leonidas naye akaeleza upande wetu. Alieleza vizuri, amesimama wima, vifungo vyote vimefungwa, maji yakimtoka mikononi. Madamu Klara alisikiliza mpaka mwisho. Halafu aliketi chini palepale vumbini na kucheka mpaka kuku akakimbia.

Ilibaki kujua shemine ilitoka wapi, kama si kwao na si kwetu. Nilitumwa nimtafute yule mchoraji wa ramani tuliyemlipa mwanzoni, ambaye mchoro wake tuliupeleka Ulaya bila hata kuufungua, nikampata, nikamleta. Alieleza bila wasiwasi wowote kwamba zamani alichora nyumba ya padri mmoja kule Mugamba, kwenye milima ya baridi, na kwamba alipochora ya kwetu alianzia kwenye ile. Vyumba alivipunguza. Shemine aliiacha.

“Niliona inapendeza,” akasema. Akageuka, akayatazama mapaa ya Kamenge na minara yake kwa muda. “Na kweli inapendeza.”

Sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Wanangu, nyinyi mtakaokaa meza moja na wafadhili, mimi nawaambia kitu kimoja tu: ulizeni. Ulizeni hasa lile mnaloona aibu kuliuliza. Adabu yetu na adabu yao zilikutana, zikajenga minara mtaa mzima kwa simenti ya ambargo.

Madamu Klara hakutunyima fungu la pili. Aliporudi kwao lilikuja, na mchoro mpya, mahali pa shemine pamefutwa na jiko la nje limewekwa, ambalo mama yeyote angelitaja tangu mwanzo kama tungemwuliza. Familia za shitingini zilijenga. Mabati yao yalipigiliwa misumari kabla ya masika, na usiku wa mvua ya kwanza kubwa mimi nililala Buyenzi nikiisikiliza juu ya bati langu na kuwafikiria, nikalala vizuri sana.

Kwenye barua yao wafadhili waliandika pia kwamba zile shemine za kwanza zibomolewe, na matofali yake yajenge majiko ya nje ya nyumba hizo. Issa akapita nyumba kwa nyumba na nyundo yake. Alikuwa anazibomoa kwa huzuni kidogo, hasa akifika kwenye rafu. Mzee Barnabe aliomba aachiwe tundu la chini kwa ajili ya kichwa, akaachiwa.

Nyumba ya Mama Jenerose tuliiacha iwe ya mwisho, kwa sababu wiki ile alikuwa anakamilisha mchango wake. Alikuwa wa kwanza kati ya wote. Nilimpelekea mwenyewe karatasi yake ya nyumba, yenye muhuri, na Issa akanifuata nyuma na nyundo na ndoo. Niliona nitampa furaha mbili kwa safari moja.

Alipokea karatasi kwa mikono miwili. Aliniomba nimsomee jina lake, nikamsomea. Aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akamwona Issa amepita ndani na kupima mahali pa kuanzia.

“Apana,” akasema. “Weka chini hiyo nyundo.”

Nikadhani hajaelewa. Nikamweleza kwamba tumekuja kuiondoa, kwamba wafadhili wamekubali, Mesie amekubali, na kitanda chake sasa kitapata nafasi. Alitikisa kichwa. Nikamwuliza kama amesahau, ni yeye aliyekuwa akija ofisini kulia kila wiki kwa sababu ya kitu hicho.

“Nililia wakati ilikuwa yenu, Mama Saidi,” akaniambia. “Sasa ni yangu. Nikitaka kuibomoa nitaibomoa mi mwenyewe, siku mi ninataka.”

Issa aliniangalia. Mimi nikaangalia ile shemine, nyeusi, mbaya, imekaa juu ya nafasi ya kitanda. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeeleza kwenye mikutano, kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa, nini maana ya mtu kuwa na nyumba yake, na watu walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Nilimwambia Issa achukue ndoo yake.

Mama Jenerose alitusindikiza mpaka mlangoni, akatushukuru kwa kupita kumsalimia, akasema tukija siku nyingine tupige hodi. Kisha akafunga mlango, na tulipokuwa bado tumesimama pale nje tukausikia ufunguo ukizunguka.